Mwaka wa Majenuini

Tangu tulipomzika Mama, watu wanaokuja kunipa pole hapa Ujiji huniuliza kwanza kama aliteseka, kisha huniuliza kama Nesta amepata habari. Swali la kwanza nalijibu. La pili linaponifikia nainuka, naenda kutazama chai jikoni, na nikirudi mgeni huwa ameshaelewa. Mimi ni mtu wa kufikiri kupita kiasi. Nimesoma hadi chuo kikuu, na nadhani elimu imeniongezea ugonjwa huo badala ya kuutibu. Hata ajira sijapata, kwa sababu kila barua ya maombi naisoma mpaka naona inanisuta. Wengine wakifiwa hulia wakamaliza. Mimi nimekwamwa na neno moja la Kiingereza kama aliyekwamwa na mwiba wa samaki, halishuki wala halitoki. Neno lenyewe ni jenuini. Naliandika kama tulivyolitamka, maana mwaka ule lilikuwa limeshakuwa mali yetu, kama turubai na ndoo za bluu.

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu walipotuleta mjini Kigoma kutoka kambini. Tulikuwa Warundi, na familia yetu ilikuwa miongoni mwa zile zilizochaguliwa kuhojiwa kwa ajili ya safari ya kwenda kuishi ng'ambo. Nchi yenyewe ilikuwa na jina lake, lakini sisi kote kule tulikuita Amerika. Walituweka upande wa Bangwe, katika ghala lililokuwa zamani la kuhifadhia chumvi ya Uvinza. Chumvi ilikuwa imeingia mpaka ndani ya kuta. Plasta ilibanduka kwa vipande, na sisi watoto tulivilamba mchana tukisubiri chakula. Hapakuwa na vyumba. Kila familia ilipimiwa kipande cha sakafu, ikatundika mablanketi ya kijivu kwenye kamba, na hicho ndicho kikawa chumba. Ukikohoa, jirani anakwambia pole. Ukigombana na mumeo, jirani anakohoa. Mlango mkubwa ulitazama ziwa, na siku zisizo na ukungu milima ya Kongo ilikaa ng'ambo ya maji kama watu waliokuja kushuhudia kitu.

Jirani yetu wa blanketi alikuwa Mama Furaha, mwanamke wa Kikongo mwenye sauti ya kuita mashua. Yeye ndiye aliyetufundisha kula mgebuka. Aliukaanga katika mawese mpaka ghala zima likageuka nyuso kumtazama, kisha akapitisha sahani chini ya blanketi. Mama, aliyezaliwa mbali na maji na kulishwa maharage maisha yake yote, aliusukuma na kidole.

"Ananitazama," alisema.

"Mama Nesta! Utafika Amerika hujui samaki? Watakurudisha na ndege ileile!"

"Nitawaambia nimeshiba."

"Utawaambia kwa lugha gani?"

"Nesta atawaambia."

Nesta alikuwa kaka yangu, kijana wa miaka kumi na minane, na kweli ndiye angewaambia. Alikuwa amejifunza Kiingereza kutoka kwenye redio na kwa walimu wa kambini, akakitumia hata pale kisipohitajika. Mvua ikinyesha aliitangazia familia kwa Kiingereza kwamba mvua inanyesha. Ndiye aliyelileta lile neno nyumbani kutoka kwenye foleni ya ofisi. Alieleza kwamba maofisa walikuwa wanatafuta familia za kweli, kwa sababu wako watu waliouza nafasi zao, wakaingiza watoto wa jirani, wakaazimana hata wake. Wakalimani walikuwa wamehangaika kulitafutia Kiswahili, mara halisi, mara wa kweli, mwishowe wakachoka wakaliacha lilivyo. "Sisi hatuna wasiwasi," Nesta alisema. "Sisi ni jenuini mia kwa mia." Kufikia mwisho wa juma neno lilikuwa limeenea ghala zima. Watoto walitaka kucheza mpira, Majenuini dhidi ya Mafeki, na mchezo ukashindikana kwa kuwa hakuna aliyekubali kuwa Feki. Mama Furaha akinunua mawese alimwuliza muuzaji kama ni jenuini au yamechanganywa na maji. Hata Baba, mtu asiyependa utani, alilitazama bakuli la maharage yenye mawe akasema, "Haya ni jenuini."

Tulihojiwa mmoja mmoja. Niliulizwa jina, darasa, na kama kuna mtu ananipiga. Nilijibu yote, nikarudi nikiwa na hakika kwamba nimekosea jina langu. Ndivyo nilivyokuwa tangu utotoni. Jioni ile tulikaa kuzunguka sinia la ugali wa muhogo, na Nesta alikuwa amejaa furaha mpaka hawezi kumeza. Alikuwa amejibu kila kitu mwenyewe, bila mkalimani. Afisa, mama wa kizungu mwenye nywele fupi, alikuwa amemsifu.

"Niliwaeleza yote," alisema. "Tulivyotoka nyumbani, tulivyolala porini, hata huyu Spesi alivyoletwa. Nilikumbuka mpaka ule muwa mlionipa ili ninyamaze."

Mkono wa Mama ulisimama kwenye ugali. Baba aliendelea kutafuna, lakini polepole, kama mtu aliyekutana na jiwe na hataki wageni wajue.

"Nililetwa kutoka wapi?" niliuliza.

"Kula," alisema Mama.

"Kaka amesema nililetwa."

"Nimesema kula," Mama alirudia. Kisha Baba akamgeukia Nesta. "Wewe, kachote maji."

"Maji yapo, Baba."

"Kachote mengine."

Nesta aliinuka na ndoo iliyojaa, akaimwaga nje mlangoni na kwenda kuijaza upya. Sikumwuliza mtu tena. Mtu wa kufikiri mno haulizi, hukusanya. Nilikusanya kwamba Nesta ana pengo katika meno ya mbele na Mama analo, na mimi sina. Nilikusanya kwamba hakuna aliyewahi kunisimulia siku niliyozaliwa, ilhali ya Nesta ilisimuliwa kila mvua iliponyesha. Upande wa pili wa blanketi Mama Furaha, ambaye kila jioni alikuwa na la kusema, alizima taa mapema, na hilo ndilo lililonitisha zaidi.

Siku chache baadaye malaria ilinilaza. Ilikuwa mchana, ghala lilikuwa tupu kwa sababu wengi walikuwa wameshuka kwenye maji kufua. Nilikuwa nimefunikwa gubigubi, macho wazi ndani ya giza la blanketi, na Baba na Mama waliamini nimelala.

"Yule mkalimani ameniita pembeni," Baba alisema. "Majibu yetu hayalingani na ya Nesta. Lakini anasema njia ipo, tena ni nyepesi. Tuseme tu ukweli, kwamba ni mtoto wa Danieli, mdogo wangu, na mama yake alifia njiani. Ataandikwa mtoto wa kulelewa. Tutakwenda wote wanne."

"Wewe ulisemaje mwanzo?"

"Nilisema ni mwanangu. Mtoto wa mdogo wangu ni wa nani kama si wangu? Sikudanganya. Lakini kwao ni uongo."

"Basi nenda ukawaambie wewe."

"Nimeshawaambia. Wanataka wasikie na kwako. Na unajua mimi sikumpakata."

Nje mtu alikuwa akipiga nguo kwenye jiwe.

"Yule bibi aliyekuwekea mapajani amekufa," Baba alisema kwa sauti ya chini. "Waliokuwapo wametawanyika. Nani atajua kwamba umesema?"

"Mimi."

Hivyo ndivyo nilivyojua. Mambo mengine nimeyaunga baadaye, kipande kwa kipande, kutoka kwa Baba kabla hajafa. Tulipokuwa njiani kuvuka mpaka, mama aliyenizaa alifariki siku ya mvua. Bibi mmoja, mkubwa kuliko wote katika msafara, alimketisha Mama chini mbele ya watu, akaniweka mapajani mwake, akamwuliza, "Huyu ni nani?" Mama akajibu, "Ni wangu. Nimemzaa leo." Akapewa uji anywe, kama anavyopewa mwanamke aliyetoka kujifungua, na watu wakampongeza kwa uchungu wa uzazi. Kuanzia hapo aliyekuwapo haruhusiwi kusema vinginevyo. Na aliyepakata, hasa yeye, akitamka kwa kinywa chake kwamba mtoto si wake, basi amemshusha. Na mtoto aliyeshushwa, walisema, haokotwi tena na mtu. Sijawahi kuikuta desturi hii kitabuni. Chuoni niliwauliza Warundi wenzangu. Mmoja alisema bibi yake aliijua, wengine walinicheka wakasema nimeitunga. Pengine ilikuwa ya ukoo wetu tu. Pengine bibi yule aliianzisha palepale kwenye matope kwa kuwa palihitajika kitu. Nimelifikiria hili hata limeisha makali, na bado sijui kama linabadilisha chochote.

Waliitwa mara ya pili, Baba na Mama pamoja. Niliwafuata nikakaa kwenye benchi chini ya dirisha la ofisi, ambalo liliachwa wazi kwa ajili ya joto. Mkalimani alikuwa Bwana Yonazi, Muha wa Kalinzi, mtu mpole mwenye suruali iliyopigwa pasi. Kiha na Kirundi vinasikilizana, na alipotaka kuongea na Mama kwa moyo aliacha Kiswahili akaingia huko.

"Mama, afisa anasema hatakunyang'anya mtoto," alianza. "Anasema anaona unavyompenda. Anataka jambo moja tu. Spesi umemzaa wewe?"

"Ni uwanje," alisema Mama. Ni wangu.

Kiingereza kilikwenda na kurudi. Sauti ya afisa ilikuwa ya upole; sikumsikia hata mara moja akiipandisha.

"Anasema anaelewa kwamba ni wako. Anauliza nani alimzaa."

"Nilimpokea hapa." Nilisikia kofi la viganja juu ya mapaja.

Bwana Yonazi hakutafsiri mara moja. Nadhani alielewa, au alielewa nusu. Alishusha sauti. "Mama yangu, nisikilize. Hii ni ofisi. Maneno ya ofisini hayatoki nje ya mlango huu. Useme tu, 'Alizaliwa na shemeji yangu,' basi. Mtapanda ndege wote. Nyumbani utaendelea kumwita mwanao, nani atakuzuia?"

"Bwana Yonazi, mimi nina mdomo mmoja. Sina wa ofisini na wa nyumbani."

"Mama Nesta," alisema Baba. "Mtazame Nesta."

"Namtazama."

"Basi sema."

"Ni uwanje."

Nilimsikia afisa akivuta pumzi. Alikuwa mtu mwema, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo; ningepata nafuu kama angekuwa katili. Alimwuliza tena, kwa njia nyingine, na tena kwa nyingine, kama mtu anayejaribu funguo zote kwa mlango ambao haukufungwa kwa kufuli. Kila mara Mama alijibu maneno yaleyale mawili. Ukweli ulikuwa umeruhusiwa. Ukweli ndio ulikuwa tiketi yenyewe. Na mwanamke yule, ambaye hakuwahi kumdanganya hata muuza dagaa, alikwenda kuandikwa mwongo kwa sababu hakutaka kuusema.

Walipotoka nilimkimbilia. Nilikuwa nimepanga maneno pale kwenye benchi, nikayapanga upya, nikayapunguza. "Mama, rudi useme," nilimwambia. "Mimi nimeshajua. Haitaniuma." Alinipiga kofi la shavu mbele ya watu wote waliokuwa kwenye foleni. Hakuwahi kunipiga kabla, wala hakunipiga baadaye. "Nani amekwambia unajua?" alisema, kisha akashika pembe ya kitenge chake akanifuta uso, ingawa nilikuwa sijalia. Baba alikuwa ametugeuzia mgongo, anatazama ziwa.

Miaka mingi baadaye, nikiwa mwaka wa pili chuoni, nilikaa maktaba nikalitafuta neno lile katika kamusi kubwa inayoeleza maneno yalikotoka. Nilitegemea kulikuta limekaa peke yake kama hakimu. Nikakuta ugomvi. Kamusi ilisema jenuini limetoka katika Kilatini, lugha ya Warumi wa kale, na maana yake ya kwanza ni kitu cha asili, cha kuzaliwa nacho. Wataalamu wengi wanalipeleka kwenye mzizi wa kuzaa: cha kweli ni kile kilichozaliwa hivyo. Lakini wako wengine, kamusi ikasema, wanaolihusisha na neno la Kilatini la goti. Wanasema mtoto alipozaliwa nyumbani kwa Mrumi, baba alimchukua mchanga yule akamweka juu ya goti lake mbele ya watu, na kwa tendo hilo mtoto akawa wake. Aliyewekwa gotini ndiye wa kweli. Nilisoma mistari ile mpaka mtunza maktaba akaja kuniuliza kama nimeibiwa. Upande mmoja wamekaa watu wa kuzaa, upande wa pili watu wa goti, na hawajaafikiana mpaka leo. Walio wengi, ni kweli, wako upande wa kuzaa. Nilikuwa nawajua wote. Nilikuwa nimekaa chini ya dirisha lao nikiwasikiliza. Afisa alikuwa na mzizi wake na Mama alikuwa na wake, na yote miwili imo katika neno la yule afisa mwenyewe, ambalo alilitumia kutwa nzima bila kujua kilichomo, kama mtu anayebeba debe bila kulifungua.

Likizo ile nilimsimulia Mama. Tulikuwa uani, anachuja mawese. Nilimweleza habari za Warumi, jinsi baba alivyomnyanyua mtoto, jinsi neno lilivyozaliwa. Nilikuwa natokwa na jasho kwa furaha, nikidhani nimemletea kitu, hata sijui nini, labda haki. Alisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kazi.

"Kwenye goti," alisema.

"Ndiyo, Mama. Mbele ya watu."

"Basi nao wangekataliwa," alisema, akaniomba nimshikie chujio.

Lakini nimekimbilia mbele. Baada ya mahojiano ya pili tulikaa ghalani kwa muda mrefu bila kuambiwa neno. Mama Furaha na watu wake walipita. Aliposikia alipiga vigelegele, halafu akavikata katikati alipokumbuka tupo upande wa pili wa blanketi. Kisha ikafika zamu yetu. Bwana Yonazi hakutuita ofisini; alikuja mwenyewe, akasimama nje ya blanketi akapiga hodi kama ni nyumba kamili. Aliingia, akakataa kukaa. Alisema familia haikuthibitika kuwa jenuini, na faili limefungwa.

"Sema kwa Kiswahili," alisema Nesta.

"Unakijua Kiswahili chake, mdogo wangu."

"Nataka nikisikie."

Bwana Yonazi aliangalia viatu vyake. "Wameona ninyi si familia ya kweli," alisema. Mama alimkaribisha chakula. Nakumbuka hilo kuliko mengine yote, kwamba alimkaribisha chakula, na kwamba mtu yule alisema asante, ameshakula, akatoka haraka akakanyaga sinia letu.

Watoto wa ghala walipata timu waliyokuwa wakiikosa. Nilipopita waliimba, "Spesi feki! Spesi feki!" na hata Furaha, aliyelala upande wa pili wa blanketi letu na kuniazima kitana chake, alipiga makofi kufuata wimbo. Nesta alimshika kiongozi wao, kijana karibu wa kimo chake, akampiga mpaka watu wazima wakaingilia. Tulirudi pamoja, yeye akilamba damu kwenye kidole. Nilimshukuru. Aliendelea kutembea bila kunitazama, na tulipofika mlangoni akasema, "Lakini ni kweli."

Mama Furaha aliondoka asubuhi ya jua kali. Alilia kuliko sisi. Alimwachia Mama kikaango chake, akamshika mabega, akamwambia kwa ile sauti yake ya kuita mashua, sasa imepasuka, "Dada, ungesema tu. Mungu angekuelewa." Mama alimjibu, "Safari njema," na alimaanisha. Sisi tuliwekwa kwenye lori la kurudi kambini pamoja na magunia ya unga. Tulipopita Kidahwe dereva alisimama kununua ndizi, na mwanamke mmoja muuzaji, alipoona tulivyofunga virago, alituuliza kwa bashasha kama ndiyo tunasafiri. Baba alisema ndiyo.

Kambini nyumba yetu ilikuwa imeshagawiwa familia nyingine. Tulipewa hema, mvua ikaanza, na Nesta akaacha kula chakula cha Mama. Hakupiga kelele. Alikula kwa rafiki zake, akarudi kulala, akaondoka mapema. Mama alimwekea sahani kila siku, akaifunika kwa sahani nyingine, na kila asubuhi aliila yeye mwenyewe ikiwa imepoa, akiwa amesimama. Kiingereza cha Nesta kilikwisha palepale. Mvua iliponyesha hakututangazia tena. Nilijaribu kuwa mdogo. Nililala pembeni kabisa, nilikula kidogo, nilichota maji ya kila mtu, na kila nilichofanya kilinionyesha zaidi, kama doa linalosuguliwa. Siku moja Mama alimkuta Nesta akifunga nguo zake katika mfuko wa unga. Nilikuwa pale, napepeta maharage. Alimwuliza anakwenda wapi.

"Ziwani."

"Kufanya nini?"

"Kuna watu wanavuka kwenda Kongo kutafuta dhahabu."

"Nesta, mwana wanje, kaa chini tuongee."

Alikaza fundo la mfuko. Hakuonekana na hasira. Alionekana kama mtu aliyepiga hesabu yake mara nyingi na kila mara jibu ni lilelile. "Mama, wewe una mtoto mmoja," alisema. "Endelea naye." Akainama kupita mlango wa hema. Mama hakumfuata. Baba ndiye aliyetoka mbio, akarudi jioni, peke yake, miguu imejaa matope mpaka magotini.

Kabla mwaka ule haujaisha Mama alikuwa ameshaanza kutoroka kambini kwa siku nzima, anakwenda barabarani kuwauliza madereva, anashuka mwaloni kuwauliza wavuvi. Kambi ilipofungwa na watu wakarejeshwa kwao, sisi tulibaki, kwa njia ambazo sitazieleza hapa, tukapanga chumba Ujiji. Mama aliuza mawese sokoni. Alisema Ujiji kuna biashara. Chumba chetu kilikuwa cha mwisho kuelekea majini, na mashua za Kongo zilipofika alikuwa na sababu ya kwenda kutazama. Alijua majina ya manahodha. Kuna mmoja alisema alimwona Nesta upande ule, ana ndevu. Mwingine alisema yule alikuwa mtu mwingine. Hatukupata zaidi ya hapo. Baba alikufa akingoja, bila kulalamika na bila kumwambia Mama neno lolote juu ya jambo lile, wala zuri wala baya, na nadhani Mama angepokea tusi kwa furaha kuliko ule ukimya.

Nami nilikua, nikasomeshwa na masista, nikawa huyu niliye, mtu aliyebakizwa kwa gharama ya watu watatu bila kuulizwa. Watu wanapenda nikisimulia hadithi hii. Wanasema, tazama upendo wa mama. Mimi huwa sijui niwajibu nini. Kwa miaka nimeligeuza. Kama alikataa kwa kunipenda, mbona hakuona kwamba kusema kungenipeleka Amerika, shule, kitanda, na kaka yangu angebaki kaka yangu? Na kama alikataa kwa kuogopa, kuogopa bibi aliyekufa na maneno yaliyosemwa kwenye matope, basi mimi nilikuwa nini? Kitu alichokabidhiwa, akaogopa kukivunja. Kila jibu nililopata lilinifurahisha kwa siku moja, kisha likachacha.

Mwezi wake wa mwisho Mama alilala kitandani katika chumba cha Ujiji, miguu imevimba, akili timamu. Nilimlisha uji kwa kijiko. Alasiri moja, dirisha likiwa wazi na watu wakinadi dagaa chini njiani, nilimwuliza. Nilikuwa nimelipanga swali kwa nusu ya maisha yangu, na lilipotoka lilikuwa fupi kama la mtoto. "Mama, siku ile pale ofisini. Ulikataa kwa sababu gani?"

Alifikiri. Alikuwa mtu wa kufikiri kidogo na kwa haraka, lakini safari hii alikawia.

"Walikuwa wameniuliza tangu mpakani," alisema. "Kila mwenye meza aliniuliza. Huyu nani, yule nani, umezaa wangapi, wamekufa wangapi. Siku ile nilikuwa nimechoka."

"Ni hilo tu?"

"Nilikuwa nimechoka, Spesi."

Niliweka bakuli chini. Ningepaswa kuachia hapo. "Na baadaye, ulijuta?"

Mtu mwingine angenihurumia. Alinitazama kwa muda, macho yake yameshaanza ule ukungu, na niliona wazi kwamba anajua ninachoomba, na kwamba hatanipa.

"Nilijuta," alisema. "Ulidhani nini? Nesta aliponiacha nilijuta mpaka nikaona aibu kukutazama. Hata sasa." Kisha akaomba nimgeuze, upande ule umemwuma. Nilipitisha mikono chini ya mgongo wake. Alikuwa mwepesi sana. Nikamgeuza, nikamwekea mto, nikachukua bakuli, nikamlisha uji uliobaki.